Kumi na Tisa Juu ya Ishirini

Tuliachana wiki jana mkono wa Madam Watiri ukiwa ndani ya droo, na droo yenyewe tupu.

Kama gazeti la Ijumaa iliyopita lilifungia nyama huko kwenu, nikukumbushe upesi. Watiri ni mwalimu wa Sayansi Kimu katika shule ya wasichana iliyo juu ya soko la Wamagana. Shule siitaji jina, wenyewe wanajijua. Kwa kuwa ana sauti ya upole na hajaolewa, mwalimu mkuu alimtwika pia ushauri nasaha, kazi isiyo na chaki wala mshahara. Mwaka jana msichana wa kidato cha nne alikutwa amefariki bwenini. Mpaka leo, Juni hii ya 1996, walimu wakiulizwa husema ni ajali, na wakisema hivyo huangalia viatu vyao.

Basi Daktari Kagwiria, mwanamke kijana kutoka mjini Nyeri anayetibu magonjwa ya akili, akaleta karatasi hamsini na mbili za kidato cha pili. Maswali ishirini, kujibu ni ndiyo au hapana. Hakuna majina, ni nambari ya usajili tu. Watiri ahesabu, na yeyote atakayefikisha kumi, daktari aitwe siku hiyo hiyo.

Watiri alizifungia Jumanne jioni, Jumatano akapanda basi na kwaya kwenda mashindano ya muziki Karatina. Ijumaa asubuhi karudi, kafungua droo, karatasi hakuna.

Haya, twende.

Kufuli halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa ufunguo, na aliyekuwa na funguo za droo zote shuleni ni mmoja, naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Muchiri. Watiri hakuwa amemaliza kulifikiria jina hilo aliposikia sauti ya mwenyewe ikitoka uwanjani, kwenye paredi, ikitangaza matokeo ya mtihani maalumu ulioletwa na daktari.

Mtihani? Watiri alitoka mbio na droo akaiacha wazi.

Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mlingoti wa bendera kama kawaida ya Juni. Wasichana mia nne walikuwa wamejipanga na sweta zao za kijani. Kando, kwenye mabenchi ya chakula, walikaa wazazi waliokuja kuchukua watoto kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Na mbele yao alisimama Muchiri, kalamu nyekundu mfukoni, karatasi za daktari mkononi zimefungwa kwa kamba ya katani.

Muchiri si mtu mbaya, nikuambie mapema usije ukamtukana bure. Huyu ni mtu asiyeweza kuona karatasi imejazwa haijasahihishwa. Ikiwa na jibu, itatiwa tiki au kosa. Ikiwa na kosa, itafanyiwa masahihisho. Na hakuna msichana anayepita langoni kwenda kwao kabla ya kuonyesha masahihisho yake, hata kama kwao kuna matanga. Ndiyo sheria aliyoiweka miaka tisa iliyopita, na shule ikatoka mkiani mwa wilaya ikawa ya nne.

Jumatano aliingia chumba cha Sayansi Kimu kutafuta rula ndefu. Katika kutafuta huko akafungua droo, akakutana na karatasi hamsini na mbili na nyingine moja ya kupigwa taipu: swali la kwanza, jibu hili, alama moja, swali la pili, jibu hili, alama moja. Hiyo yeye anaijua. Hiyo ni skimu ya kusahihishia.

Kulikuwa na ukurasa mwingine wa juu. Pale Daktari Kagwiria aliandika kwa herufi kubwa kwamba hii ni siri, na kwamba alama nyingi ni dalili ya hatari. Lakini huo Watiri aliubandua akautia kwenye mkoba wake, ili mpekuzi yeyote akifungua droo asielewe kitu. Kweli, mpekuzi alifungua na hakuelewa kitu. Ukurasa wenyewe ulikuwa Karatina, unasikiliza kwaya.

Muchiri alikuwa ameshapita namba tatu na namba mbili. Majina hayakumsumbua, maana nambari za usajili anazijua kwa moyo. Wa pili alikuwa na maki nane.

"Na namba moja," alisema, akainua karatasi juu, kwa kuwa hata yeye alikuwa akiifurahia hiyo, "maki kumi na tisa juu ya ishirini. Murugi Gatimu."

Wasichana walitazamana.

Murugi Gatimu ndiye namba hamsini na mbili wa kidato cha pili. Amekuwa wa hamsini na mbili tangu afike. Wenzake humwita Kufuli, kwa sababu ndiye hufunga orodha. Ni msichana mrefu, mwembamba, anayekaa karibu na dirisha na kuongea ukimsemesha tu. Watiri alikuwa ameona tangu Mei kwamba hamalizi chakula chake. Aliwahi kumwita mara mbili, wakakaa na chai, wakaongea mambo ya maharagwe na mvua. Mara ya pili, akitoka, Murugi alisema asante Madam kama mtu aliyepewa kitu kikubwa.

Kisha makofi yakaanza. Muchiri aliagiza apigiwe ya kilo, na wasichana wakapiga kilo tatu. Murugi akatembea mpaka mbele, akasimama, hajui mikono aiweke wapi. Mwalimu mkuu, Bwana Ngatia, akamkabidhi mama yake themosi yenye maua mekundu, zawadi ya mzazi wa namba moja. Mama huyo Muchiri alimtumia ujumbe Alhamisi kwa lori la maziwa, asikose.

Sasa kwetu mtoto wa kike akizaliwa hupigiwa ngemi, yaani vigelegele, tatu, wa kiume tano. Mama Murugi aliiweka themosi chini, akashika kiuno, akapiga tano.

Hapo ndipo Murugi alipocheka. Watiri hakuwa amewahi kuyaona meno ya mtoto huyo.

Na Watiri hakupiga makofi. Alikuwa amesimama nyuma ya mistari, anahesabu. Kumi ni hatari. Huyu ana kumi na tisa. Alitaka kupaza sauti, asimamishe kila kitu. Lakini aseme nini? Kwamba mtoto mnayempigia makofi ni mgonjwa? Wasichana mia nne wangesikia, na kabla ya saa sita Kufuli angekuwa amepata jina jingine, ambalo lingemfuata mpaka siku ya ndoa yake.

Muchiri hakuwa amemaliza. Alimwita mbele kiranja wa kidato cha pili, Valentine, msichana wa kwanza darasani mihula minne mfululizo, akamuuliza mbele ya wazazi amepatwa na nini. Valentine alikuwa na sifuri. Alilia mpaka kamasi. Muchiri akawarudishia kidato cha pili karatasi zao, akawaambia wote waende darasani wakafanye masahihisho, kila swali walilokosa, hata kama ni yote ishirini. Murugi yeye kakosa moja tu, akae kwanza na mama yake, atafanya baadaye.

Watiri alimshika Muchiri mlangoni mwa kidato cha pili. Alimpa ule ukurasa wa mkobani bila salamu, akamwambia asome.

Muchiri alisoma akiwa amesimama. Akarudia. Nyuma yake, dirishani, wasichana hamsini na mmoja walikuwa wameinamia madawati, kalamu zinakimbia. Valentine alikuwa ameshafika swali la kumi na tano. Alikuwa anaandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba ndiyo, huwa anaona hafai kitu; ndiyo, huwa anachoka kuishi; kila mstari ndiyo, na machozi yanadondoka karatasini.

"Mimi sisomi maswali, Madam," Muchiri alisema pole pole. "Mimi husoma skimu. Nilifikiria ni hii somo ya maadili. Siku hizi wanauliza mambo ya ajabu."

Watiri alimuuliza Murugi alikosa swali gani. Muchiri alijaribu kukumbuka, akashindwa. Karatasi hamsini na mbili kwa usiku mmoja, nani angekumbuka. Karatasi yenyewe alikuwa nayo mtoto.

Nitasema haki yake, Muchiri aliingia darasani akazichukua karatasi zote mikononi mwa wasichana, hata zilizoandikwa nusu, akatoka nazo bila kueleza. Wakaenda pamoja kwa Bwana Ngatia.

Bwana Ngatia alikuwa na wageni wawili wa bodi ofisini na sahani ya mandazi. Aliwatoa walimu wake nje, kwenye veranda, akawasikiliza huku akiangalia saa. Watiri alitaka vitu viwili. Simu, ampigie daktari, na ruhusa ya kumpeleka Murugi mjini mwenyewe leo hii.

Simu ya shule ina kufuli dogo pale kwenye tundu la namba tatu, isizungushwe, na kifunguo chake kinakaa kwenye cheni ya suruali ya Bwana Ngatia. Alikigusa kifunguo, hakukitoa. Alisema ametoka kumpa mzazi zawadi mbele ya bodi, na sasa anataka kuambiwa amempa zawadi ya ugonjwa. Alisema mwaka jana shule iliponea chupuchupu, na mwaka huu hataki kusikia neno daktari kabla lango halijafungwa. Wazazi wakishaondoka, saa saba hivi, atafungua.

"Mtoto amefurahi, mama yake amefurahi," alimaliza. "Wewe Madam ulikuwa unatafuta dawa gani ingine?"

Akarudi kwenye mandazi yake.

Kila kukicha walimu huambiwa wamuite mzazi, kwa hivyo Watiri akamwendea mzazi. Mama Murugi alikuwa ameketi kwenye nyasi, karibu na ua wa miti ya kei, ile ya miiba, themosi mapajani. Alikuwa anawaonyesha wanawake wengine jinsi kifuniko kinavyogeuka kikombe. Miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu wa kahawa, na kiatu kimoja kilifungwa kwa waya. Watiri alimwomba wasogee pembeni. Alimweleza taratibu, akipima kila neno, kwamba karatasi ile ilikuwa ya afya, si ya masomo, na kwamba majibu ya Murugi yamemtia wasiwasi, na kuna daktari mzuri mjini. Nauli atalipa yeye.

Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga kifuniko cha themosi, akakikaza.

"Mwarimu," alisema, "miaka mbili nimekuja hapa kuambiwa mtoto wangu hajui kitu. Sikusema neno. Nilichukua ripoti nikaenda. Leo amejua, unaniambia ni mgonjwa. Sasa mnataka mtoto wangu akuwe nini?"

Wewe ungemjibu nini? Watiri alisema tu kwamba anampenda Murugi, na mama akasema kwa sauti isiyo na hasira kwamba na yeye pia anampenda, na kwamba watashuka nyumbani saa sita, kuna ng'ombe wa kukamua. Alikubali jambo moja, kwamba Madam aongee na mtoto kwanza. Yeye angengoja pale pale.

Murugi alikuwa chumba cha Sayansi Kimu. Alikuwa ameenda mwenyewe, akaketi kwenye kigoda karibu na jiko, karatasi magotini. Alikuwa akiilainisha kwa kiganja, ile mikunjo ya kamba ya Muchiri.

"Madam, umerudi," alisema. "Uliniona nikiitwa?"

"Nilikuona."

"Hukupiga makofi."

Watiri alivuta kigoda kingine. Alikuwa amejifunza semina nzima pale mjini jinsi ya kuanza mazungumzo haya, na sasa yote yalikuwa yamemtoka kichwani. Akasema moja kwa moja kwamba ile karatasi haikuwa mtihani. Ilikuwa ya kutaka kujua kila mmoja anaendelea aje moyoni.

"Lakini iko na tiki," Murugi akasema.

Hakuwa anabishana. Aliweka kidole kwenye mstari, kama mtu anayesomea mgeni barua.

"Namba kumi na mbili. Unaona kama hakuna siku nzuri itakuja? Niliandika ndiyo. Tiki. Namba kumi na saba. Unaona watu wa kwenu wangepumzika kama hungekuwako? Niliandika ndiyo. Tiki." Alinyanyua uso, na uso ulikuwa umetulia kabisa. "Madam, mimi nilikuwa nafikiria ni mimi tu. Nilikuwa najiambia nafikiria hivi kwa sababu sina akili. Kumbe ndiyo jibu."

Katika yote aliyoyaogopa Watiri tangu asubuhi, hilo hakuwa ameliwaza. Alimshika mtoto mikono miwili, ilikuwa baridi, akamwambia hapana, Mwalimu Muchiri alikosea.

"Mwalimu Muchiri hajawahi kosea kusahihisha."

"Leo alikosea, Murugi. Hayo si majibu ya haki. Hayo ni maumivu, na yana dawa. Kuna daktari, anaitwa Kagwiria, nataka umuone leo."

Murugi alifikiri. Nje kulikuwa na kelele za wasichana wakiburura masanduku ya bati kwenye saruji.

"Kwa hivyo sikuwa namba moja," alisema.

Msomaji, hapa Watiri angeweza kudanganya. Watu wengi wazima wangedanganya, na mimi nikiwemo. Lakini alikuwa amechoka na uongo wa shule ile, ajali ya mwaka jana, furaha ya Bwana Ngatia, na alifikiri kwamba mtoto huyu anastahili mtu mmoja wa kumwambia ukweli.

"Hapana," alisema.

"Sawa, Madam."

Basi. Sawa, Madam. Meno yale aliyoyaona uwanjani yakafunikwa. Watiri akaanza kusema mengine, kwamba namba si kitu, kwamba yeye mwenyewe shuleni alikuwa wa thelathini na kitu. Mlango ukagongwa. Alikuwa Muchiri, anahema, na mkononi ana kifunguo kidogo cha simu.

Alikuwa amerudi kwa Bwana Ngatia peke yake. Alimwambia mbele ya wageni wa bodi kwamba wakimnyima Madam simu, yeye Muchiri atawasimulia wageni hao ajali ya mwaka jana ilikuwa ajali gani. Kifunguo kilitolewa kwenye cheni, kwa masharti ya dakika tano. Bwana Ngatia amekaa kando ya simu na saa mkononi.

Watiri aliinuka. Akamwangalia Murugi, akaona si vizuri kumwacha bure bila kazi ya kushika. Na Murugi mwenyewe akamrahisishia.

"Na hii moja nilikosa, Madam, nifanye masahihisho?"

"Fanya, mami, fanya," Watiri akasema, mguu mmoja ukiwa nje. "Ningoje hapa hapa. Usitoke."

Wala hakuangalia ni swali gani.

Dakika ya kwanza simu ilikuwa inakwaruza tu. Dakika ya pili opareta wa mjini akamuunganisha na mahali pengine, duka la pembejeo. Dakika ya tatu akapata hospitali, na muuguzi mwenye mafua akamwambia Daktari Kagwiria ameenda Embu kwa semina na atarudi Jumanne. Watiri aliuliza daktari mwingine wa akili. Hakuna mwingine. Alieleza kuna mtoto ana kumi na tisa.

"Kumi na tisa ya nini?" muuguzi akauliza.

Watiri alijaribu kueleza. Muuguzi alikuwa mwema, alisema pole, akasema siku ya kliniki ni Jumatano, aje na mzazi wake na barua ya shule. Bwana Ngatia alikuwa ameshanyoosha mkono kutaka kifunguo chake. Alionekana kama mtu aliyeshinda kesi.

Jumatano ni siku tano. Watiri alikata shauri. Atamlaza mtoto nyumbani kwake mwenyewe, amwombe mama kwa magoti ikibidi, akae naye siku zote tano, usiku na mchana. Alirudi mbio akipitia bustani ya mboga, na njiani alikuwa ameshapanga mpaka watakachokula.

Kigoda kilikuwa hakina mtu.

Alitazama nyuma ya mlango na kwenye stoo ya sufuria, kisha akatoka nje kwenye mabomba. Akakimbia hadi ua wa kei. Mama Murugi alikuwa pale pale alipoahidi, ameshafunga kitambaa, themosi chini ya kwapa.

"Mmemaliza kuongea?" mama aliuliza. Kisha akaangalia nyuma ya Watiri. "Si uko naye?"

Kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Wasichana mia nne wakamiminika kuelekea langoni, wote na sweta ya kijani, wote na kitambaa cheupe shingoni, ukungu umewafunika wa mbele. Watiri alijipenyeza katikati yao akiwageuza mabega mmoja mmoja, akiita jina. Mama alikuwa nyuma yake, na bado hakuwa ameelewa, alikuwa anaomba radhi kwa kila msichana aliyemgonga na themosi.

Langoni kulikuwa na Valentine. Macho yamevimba, lakini zamu ni zamu, na kiranja wa zamu ndiye hukagua masahihisho kabla mtu hajapita. Watiri alimuuliza kama amemwona Murugi.

"Amepita, Madam. Kabla ya kengele." Valentine aliona uso wa mwalimu, akaanza kujitetea haraka. "Alikuwa amemaliza masahihisho. Nilikagua. Sheria inasema akiwa amemaliza apite."

Watiri aliuliza ameelekea wapi. Njia ya kwao Murugi inashuka, kupitia sokoni. Valentine alinyoosha kidole upande mwingine, kule njia inakopanda kwenda msituni, ambako ukungu ulikuwa umefika mpaka barabarani na hakuna nyumba ya mtu.

"Alisema anaenda tu kidogo. Akaniachia sweta yake, ati mimi yangu imetoboka. Na hii akasema nikupatie wewe."

Mama Murugi alipoiona sweta ya mwanawe mikononi mwa mtoto wa watu, themosi ilimponyoka. Ilipasuka ndani kwa ndani, sauti ndogo tu. Hakuitazama. Alikuwa ameshaanza kukimbia kupanda ile njia, na kiatu chake cha waya kikabaki langoni.

Watiri alikuwa ameshaipokea ile karatasi. Ilikuwa imekunjwa mara mbili. Alitaka kukimbia naye, na miguu ilikuwa tayari, lakini vidole vilifungua vyenyewe. Tiki nyekundu zilishuka ukurasa mzima, kumi na tisa, mpaka swali la mwisho, pale kalamu ya Muchiri ilipoweka kosa moja.

Swali la ishirini. Je, kuna mtu mzima yeyote unayeweza kumweleza mambo haya?

Murugi alikuwa amejibu, Jumanne ile, kwa penseli: Ndiyo, Madam Watiri.

Jibu hilo kalamu nyekundu ilikuwa imelikata. Chini yake kulikuwa na mstari mpya uliopigwa kwa rula, na kichwa kama shule inavyotaka, Masahihisho, na tarehe ya leo. Kisha jibu, kwa wino wa bluu, bado halijakauka vizuri.

Hapana.